Vidonge vya Kila Siku: Kumwuguza Nyumbani Mwenye Kifafa na Mwenye Ugonjwa wa Akili

Mabibi na mabwana mliokusanyika huko Masasi kati ya majabali, nanyi mlio juu Newala penye upepo, kaeni karibu na redio, kila mtu awe na daftari lake na kalamu. Na wewe usomaye somo hili katika karatasi, soma polepole. Neno likikushinda, mwulize jirani yako.

Somo la leo ni juu ya mgonjwa ambaye haonekani kuwa mgonjwa. Anakula, anatembea, anacheka, lakini kila siku imempasa kumeza dawa. Ni mtu mwenye kifafa, au mtu aliyeugua akili. Mwuguzi wa hospitali humwona mara moja kwa mwezi tu. Siku nyingine zote mwuguzi wake ni wewe: mama, baba, mke, kaka, bibi. Basi leo nasema nawe, wewe mwuguzaji wa nyumbani. Na nikisema “mganga” maana yangu ni mganga wa hospitali au wa zahanati.

Kwanza nikuambie kwa nini nimelichagua somo hili. Mimi sikusomea uganga. Stashahada yangu ya chuo kikuu ni ya elimu ya watu wazima. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa na darasa la kusoma na kuandika, na ndani yake alikuwamo mama mmoja mwenye kijana wa miaka kumi na sita. Kijana alikuwa na kifafa, akimeza kidonge kila usiku. Miezi minane ilipita, hakuanguka hata mara moja. Siku moja baada ya darasa yule mama aliniuliza, “Mwalimu, mwanangu sasa amepona. Je, aendelee kumeza?” Nami, kwa kuwa naitwa mwalimu na sikupenda kusema sijui, nikamjibu, “Kama amepona, vidonge vya nini tena?” Akafurahi, akaviweka darini. Haukupita muda, kijana akaanguka alfajiri. Kabla hajazindukana akaanguka tena, na tena, mpaka jua likapanda. Walimbeba hospitali kwa pikipiki. Alipona, lakini siku kadhaa hakulikumbuka jina la dada yake. Yule mama hakunilaumu. Alirudi darasani akaketi mahali pake palepale. Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza waganga na wauguzi, na haya ninayokusomea ndiyo waliyonifundisha.

Sasa, kifafa ni nini? Ndani ya ubongo mna nguvu ndogo ndogo kama za umeme, nazo huupelekea mwili habari: inua mkono, geuza jicho. Katika mtu mwenye kifafa nguvu hizo mara nyingine hulipuka zote pamoja pasipo utaratibu, naye huanguka, hukakamaa, hutetemeka, hutokwa na povu. Ubongo hupata kasoro hii kwa njia nyingi: mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, au mayai ya minyoo ya nguruwe yaingiayo tumboni kwa chakula au maji yenye uchafu wa choo. Wengine sababu yao haijulikani. Lakini povu haliambukizi. Nalirudia neno hili kwa sababu limewaunguza watu wengi: povu la mwenye kifafa haliambukizi, wala mate yake, wala pumzi yake. Mtu aangukiapo jikoni, nanyi mkaogopa kumgusa, moto humla mkono mkiwa mnatazama.

Mambo hayo yalionekana wazi huko Mahenge, mkoani Morogoro. Mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya watu wenye kifafa. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto, wengine wakila peke yao na kulala peke yao kwa kuwa watu waliwaogopa. Aliwapa kidonge kiitwacho fenobabitoni. Wengi waliacha kuanguka ovyo, wakarudi mashambani na kukaa tena na jamaa zao. Kidonge chenyewe si cha ajabu. Kilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912 huko Ujerumani, na hata leo ni katika dawa za kifafa zenye bei ndogo kupita zote. Ziko nyingine pia: fenitoini, kabamazepini, valproeti. Mganga ndiye achaguaye.

Lakini sikiliza vizuri. Dawa hizi hazing'oi kifafa kama jembe ling'oavyo kisiki. Kazi yake ni kukizuia. Mfano wake ni paa la nyumba. Mvua inanyesha, wewe uko ndani, mkavu. Je, utasema mvua imekwisha, uliezue paa? Kijana wa yule mama alikuwa mkavu kwa sababu paa lilikuwapo. Tena kuna hatari nyingine. Ubongo uliozoea kutulizwa, ukinyimwa dawa kwa ghafula, hulipuka kuliko zamani. Ndiyo maana kijana alianguka mfululizo. Mganga anaweza kumwachisha mtu dawa, kwa kawaida akiwa amekaa miaka 2 au zaidi bila kuanguka, lakini hupunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi. Kazi hiyo si yako, wala si ya mwalimu.

Akisahau kumeza usiku, ampe asubuhi akumbukapo, kisha aendelee kama kawaida. Asimeze dozi mbili pamoja ili kulipa deni.

Hapa sasa kusoma kunaingia. Chukua bahasha ya dawa. Juu yake pameandikwa pengine 1 × 2. Maana yake ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, yaani asubuhi na jioni. 2 × 1 si sawa nayo: ni vidonge viwili, mara moja. Wako watu walioyageuza haya kwa kutojua. Kisha tafuta herufi hizi: mg. Hizo zaonyesha nguvu ya kidonge. Kuna fenobabitoni ya mg 30, na kuna ya mg 100, navyo vidonge vyaweza kufanana machoni. Kama mwezi uliopita bahasha ilisema 30 na leo inasema 100, usiondoke dirishani kabla hujauliza. Uliza hata kama watu wamepanga foleni nyuma yako na wananung'unika. Waache wanung'unike.

Weka vidonge katika kopo kavu lenye kifuniko, juu, mbali na watoto. Mtoto akimeza vidonge vingi vya fenobabitoni aweza kulala asiamke. Na mgonjwa mwenye huzuni nyingi usimwachie kopo zima. Kaa nalo wewe, umpe ya siku ile. Tena usingoje kidonge cha mwisho ndipo uende hospitali. Vikibaki vya siku saba, anza safari. Watu wa vijiji vya mbali mnajua wenyewe barabara zetu zilivyo wakati wa masika.

Kila dawa ina kero zake, nawe mwuguzaji ndiwe wa kwanza kuziona. Fenobabitoni huleta usingizi na uzito, hasa wiki za mwanzo. Watoto wengine kinyume chake huwa watundu na wakali. Fenitoini hufanya ufizi uvimbe, kwa hiyo mgonjwa apige mswaki kila siku bila kukosa. Akianza kuyumba kama mlevi naye hakunywa, au macho yakichezacheza, huenda dozi imezidi, mpeleke apimwe. Valproeti yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, basi msichana au mwanamke aliyepewa dawa hiyo amweleze mganga mapema kama anataka kuzaa. Na mwanamke atumiaye vidonge vya uzazi wa mpango au kijiti cha mkononi ajue kwamba fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini zaweza kuvipunguzia nguvu. Mimba nyingi za “sijui imetokeaje” zimetokea hapo. Atumiaye dawa za kifua kikuu au za UKIMWI amwambie mganga pia, maana dawa nyingine hazipatani.

Lakini mgonjwa akitokwa na vipele mwili mzima, au malengelenge mdomoni na machoni, au macho yakawa manjano, hayo si ya kusubiri. Mpeleke siku hiyo hiyo, kabla hajameza dozi nyingine, na uchukue bahasha mkononi.

Akianguka, ufanye nini? Tazama kwanza kama karibu yake pana moto, maji, jiwe. Viondoe, au mvute yeye. Mwekee nguo laini chini ya kichwa. Legeza shingo ya shati. Mgeuze ubavu ili mate yatoke nje. Usimtie kijiko mdomoni, wala kijiti, wala kidole chako. Meno yatavunjika au kidole kitakatika, na ulimi haumezwi kamwe. Usimmiminie maji. Usimnusishe kiatu. Usimkamate kwa nguvu ili asitetemeke, kwa sababu mtetemeko hauzuiliwi kwa mikono. Tazama saa. Mara nyingi humalizika kabla ya dakika 5. Zikipita 5 bado anatetemeka, au akianguka mara ya pili kabla hajapata fahamu, ni hospitali moja kwa moja: Mkomaindo kwa watu wa Masasi, Ndanda kwa walio karibu nako, au hospitali ya wilaya kwa watu wa Newala. Huko wana sindano ya kuikatiza. Mkimchukua kwa pikipiki, mtu mmoja aketi nyuma yake amshike barabara.

Sasa nataka niseme juu ya maisha yetu huku kusini, maana kitabu cha hospitali hakiwezi kuyajua yote.

Maji. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida tangu zamani, na watu wamezoea kushuka mabondeni kuyateka. Mwenye kifafa asishuke peke yake, wala asiachwe ainame juu ya kisima au birika la maji ya mvua. Na watu wa Newala, vijana wanaopenda kwenda kutazama bonde la Ruvuma pale Shimo la Mungu, kama yuko mwenye kifafa kati yao, asisimame ukingoni. Jiko la mafiga matatu liinuliwe juu au lizungushiwe ukuta mdogo wa udongo. Kazi hiyo ni ya siku moja tu, nayo huokoa mikono.

Korosho. Mwenye kifafa si mtu wa kufungiwa nyumbani. Aokote korosho, alime, apalilie, auze dukani. Lakini asipande mti, wala asibebe mashine ya kupulizia mikorosho. Na msimu wa mabibo ndio msimu wa uraka na nipa. Pombe na dawa hizi ni maadui. Pombe pamoja na fenobabitoni huzidishiana usingizi hata pumzi huweza kukatika. Na kesho yake, pombe itokapo mwilini, kifafa hurudi kwa nguvu. Najua fedha za korosho zinapoingia hakuna asiyealikwa kunywa. Basi jamaa na wamwambie mwalikaji wazi: huyu ana dawa zake, mpeni maji ya matunda.

Jando na unyago. Hili linasahauliwa sana. Kijana mwenye kifafa akiingia kambini, vidonge viingie pamoja naye, na mzazi aseme na ngariba na walezi wa kambi kabla ya siku yenyewe, asione haya. Kukesha kwa ngoma usiku kucha huamsha kifafa, kwa hiyo apewe nafasi ya kulala. Mila haiharibiki kwa mtoto mmoja kulala mapema.

Mwezi wa Ramadhani. Wengi wa Newala ni Waislamu. Baadhi ya dawa humezwa mara moja tu usiku, na hizo hazina taabu. Nyingine humezwa mara tatu. Mwende kwa mganga kabla ya mwezi kuandama, mwulizeni kama saa zaweza kupangwa upya. Na mgonjwa anayo ruhusa katika dini yenyewe. Mwulizeni shehe wenu.

Tugeukie ugonjwa wa akili. Zamani watu wa namna hii walifungwa kamba au kutiwa pingu za mti. Hata hospitali za Ulaya zilikuwa na vyumba vya kufungia watu, na kwetu Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyojengwa miaka ya 1920, ilianza kabla dawa hazijapatikana. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walionyesha kwamba dawa iitwayo klopromazini huwatuliza wagonjwa na kuwapunguzia sauti wanazosikia na hofu za kuwaziwaziwa. Baadaye ikaja haloperidoli, na sindano ya flufenazini ambayo huchomwa mara moja kwa wiki kadhaa, ikafaa sana kwa asiyependa vidonge.

Mwuguzaji wa mtu huyu awe na subira. Kelele na ukali huweza kupungua kwa siku chache, lakini mawazo yasiyo ya kweli hukawia wiki kadhaa kuondoka. Watu wengi huacha dawa katika wiki hizo hizo, wakisema haifai. Ubishi haufai kitu. Akikuambia majirani wamemroga, usimwite mwongo, wala usimkubalie; mwambie, “Nasikia unaogopa. Mimi niko nawe. Meza dawa, tule.”

Akiamka kitandani, aketi kwanza, kisha asimame polepole, kwa sababu dawa hizi hushusha nguvu ya damu na huweza kumwangusha. Klopromazini hufanya ngozi iungue upesi kwa jua. Mpe kofia na nguo za mikono mirefu aendapo shambani, anywe maji mara nyingi. Mate hukauka, choo huwa kigumu. Mpapai ukiwa uani, mpe mapapai.

Kuna jambo moja limewatisha watu wengi hata wakakimbilia kupunga pepo. Siku chache baada ya kuanza haloperidoli au klopromazini, mgonjwa aweza kupindika shingo, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje asiweze kuurudisha. Anasikia kila kitu na anaogopa sana. Huyo hakupandwa na pepo. Ni misuli imekazwa na dawa. Hospitali wanayo dawa ya kuilegeza, na mara nyingi mtu hunyooka muda si mrefu. Wengine hukakamaa polepole, wakatetemeka mikono na kutembea kwa hatua fupi. Hao pia huongezewa kidonge cha kuwalegeza. Lakini akakamaapo mwili mzima, na homa kali, na kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari ya kufa. Asimeze dawa nyingine. Hospitali mara moja.

Kuhusu dawa za kulegeza misuli nitasema machache. Diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, hulegeza misuli na kuleta usingizi. Hospitali huitumia kukatiza kifafa na kwa mgonjwa wa pepopunda, ambaye kila kelele na kila mwanga humkaza mwili. Ukimwuguza huyo wodini, usipige soga wala usigongegonge vyombo. Lakini usiinunue dukani kwa sababu mgongo unauma au usingizi haupatikani. Mwili huizoea upesi, kisha kuiacha kwa ghafula ni taabu, na ikichanganywa na nipa huua.

Wapo watakaoniuliza, “Mwalimu, je, nisiende kwa fundi wa kienyeji?” Mimi sikuzuii kuwaheshimu wazee wako. Watu wa Masasi wamekaa na hospitali na mizimu pamoja kwa muda mrefu. Hata Leader Stirling, mpasuaji wa misheni aliyefika huku mwaka 1935 na baadaye akawa Waziri wa Afya tangu 1975 hata 1980, alifanya kazi Lulindi kati ya watu wenye njia zote mbili. Ninakuomba jambo moja tu: uendako kote, kidonge cha usiku kisikome. Na dawa ya kienyeji ya kunywa imtaje mganga, maana hata mizizi ina nguvu.

Wazee mtakumbuka redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, watu walipokusanyika kama ninyi leo, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Sisi leo hatuchimbi. Kazi yetu ni ya kalamu. Funua ukurasa mpya wa daftari. Piga mistari, ufanye safu nne. Juu ya safu ya kwanza andika TAREHE. Ya pili, DAWA. Ya tatu, KUANGUKA. Ya nne, MENGINEYO. Kila usiku mgonjwa akimeza, weka alama katika safu ya pili. Akianguka, andika saa, na dakika ngapi. Katika safu ya nne andika neno moja au mawili tu: usingizi, vipele, amekunywa, homa. Kama nyumbani kwako hakuna mgonjwa, mwandalie jirani aliye naye.

Siku ya kliniki mpe mganga daftari hilo. Bila daftari atakuuliza, “Ameanguka mara ngapi?” nawe utajibu, “Mara nyingi.” Mganga hawezi kupima dawa kwa neno “nyingi”. Yule mama niliyewaambia habari zake sasa analo daftari la namna hii, la tatu. Herufi zake ni kubwa na zimeinama, lakini mganga huzisoma.

Maswali ya kuzungumza darasani redio ikizimwa:

Bahasha imeandikwa 2 × 3. Je, mgonjwa atameza vidonge vingapi kwa siku?

Kijana hajaanguka mwaka mzima, na baba yake anataka kuacha dawa. Utamwambia nini?

Katika kijiji chenu, ni nani anayekula peke yake kwa sababu ya kifafa? Msitaje jina lake kwa sauti. Zungumzeni nani atakwenda kumtembelea kabla ya somo lijalo.